Mwuza Dawa na Mnunuzi wa Sindano



Somo letu la mara hii linatoka mahali ambapo sote twapita lakini wachache twapatazama: kwenye kaunta ya duka la dawa. Nawaomba mlisome polepole, kisha mlizungumze nyumbani na katika vikundi vyenu. Mtaona kwamba mwishoni linatuhusu sisi tulio nje ya kaunta kama linavyomhusu aliye ndani.

1. MFANO WA KUANZIA

Ni saa moja jioni. Katika duka la dawa yuko mama mmoja, mfamasia, na wateja watatu wanangoja. Aingia kijana. Amevaa shati la mikono mirefu ingawa kuna joto. Atoa salamu kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Naomba bomba la sindano. Lile dogo."

"La kazi gani?"

Kijana anyamaza. Wateja wageuka kumtazama.

Mama yule ana nusu dakika ya kuamua. Hana cheti cha daktari mbele yake, na katika nchi nyingi sheria haimdai cheti kwa bomba tupu. Uamuzi umeachwa mikononi mwake. Akiuza, huenda bomba lile litatumika kujidunga heroini nyuma ya gofu usiku uleule. Akikataa, kijana ataondoka, na mama atajiona amefanya jambo jema. Swali la somo letu ndilo hili: je, kweli amefanya jambo jema?

Tusijibu haraka. Kwanza tujifunze.

2. NANI HUNUNUA SINDANO?

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila anunuaye sindano ni mvutaji au mdungaji wa unga. La hasha. Wanunuzi wa haki ni wengi.

Wa kwanza ni mgonjwa wa kisukari. Tangu mwaka 1922, insulini ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa huko Toronto, Kanada, watu wengi sana wanaishi kwa kujidunga wenyewe, baadhi yao mara nne kwa siku. Mtu wa namna hii hawezi kwenda kwa daktari kuomba cheti kila apungukiwapo na bomba. Hii ni sababu mojawapo kubwa ya nchi nyingi kuruhusu bomba liuzwe bila cheti.

Wa pili ni mfugaji mwenye ng'ombe au mbuzi wa kudunga. Wa tatu ni jamaa anayemwuguza mgonjwa nyumbani kwa maagizo ya hospitali. Wa nne ndiye yule aliyenaswa na dawa za kulevya.

Mfamasia hana kioo cha kuonyesha ni yupi kati ya hao wanne. Akianza kuhukumu kwa nguo na sura, atakosea huku na huku. Atamwuzia mdungaji aliyevaa vizuri, na atamfukuza binti mwenye kisukari aliyekonda kwa sababu ya kisukari chenyewe. Binti aliyekataliwa hivyo atarudia bomba lake la juzi, lenye ncha butu, au ataruka dozi. Basi yaonekana tangu mwanzo kwamba kukataa kuna hatari zake.

3. MJI ULIOKATAA: EDINBURGH

Sasa tusafiri hadi Uskoti, katika mji wa Edinburgh, maana huko jambo hili lilijaribiwa, na matokeo yake yaliandikwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 heroini ya bei nafuu iliingia Edinburgh kwa wingi. Vijana katika mitaa maskini, kama Muirhouse, walianza kujidunga. Wakubwa wa mji walishtuka, na waliona kwamba njia iliyo rahisi ni kuziba mahali sindano zinapopatikana. Duka moja la vifaa vya hospitali, lililokuwa likiuza mabomba kwa wingi, lilifungwa mwaka 1982. Mwaka huohuo chama cha wafamasia wa Uingereza kiliwashauri wanachama wake wasiuze sindano ila kwa wagonjwa wanaojulikana. Polisi nao waliwanyang'anya vijana mabomba kila walipowakuta nayo.

Hao wote hawakuwa watu wabaya. Walitaka kuwaokoa vijana. Walifikiri hivi: pasipo sindano, hapana kujidunga.

Lakini kiu ya heroini haingoji duka lifunguliwe. Vijana waliendelea kujidunga. Kilichobadilika ni idadi ya mabomba. Mahali palipokuwa na mabomba ishirini pakawa na moja, nalo likazunguka chumba kizima kutoka mkono hadi mkono. Na katika miaka hiyohiyo, bila mtu kujua, virusi vya UKIMWI vilikuwa vimekwisha kuingia mjini.

Kipimo cha damu kilipopatikana mwaka 1985, ukweli ukajulikana. Daktari Roy Robertson na wenzake, waliokuwa wakiwatibu watu wa Muirhouse, walipima damu ya watumiaji wa heroini 164. Matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Watu 51 katika kila 100 walikuwa na virusi. Katika Glasgow, mji jirani ambao nao ulikuwa na wadungaji wengi, waliokutwa na virusi wakati huo walikuwa kama 5 tu katika 100. Zilikuwapo sababu zaidi ya moja za tofauti hiyo, lakini waliochunguza waliona kwamba uhaba wa sindano katika Edinburgh ulikuwa sababu kubwa.

Mwaka 1986 chama cha wafamasia kiliondoa ushauri wake. Mwaka huohuo kamati iliyoongozwa na Daktari McClelland iliishauri serikali kwamba wadungaji wapewe sindano safi, na mwaka 1987 vituo vya kubadilisha sindano chafu kwa safi vikaanza kujaribiwa. Maambukizo mapya kwa njia ya sindano yalipungua sana. Lakini kwa wale ambao tayari walikuwa wameambukizwa, ushauri mpya ulikuwa umechelewa. Wengi wao walizikwa kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana, na miongoni mwao walikuwamo akina mama wenye watoto wadogo.

4. KWA NINI BOMBA MOJA LINATOSHA KUUA?

Ni vema tuelewe jinsi mambo yanavyokwenda. Anayejidunga kwenye mshipa hulivuta bomba nyuma kidogo, aone damu, ajue kwamba ameupata mshipa. Damu ile huingia ndani ya bomba. Akisha kudunga, tone dogo hubaki ndani ya sindano na kwenye shingo ya bomba, nalo huenda lisionekane kwa macho. Anayefuata hujidunga tone hilo pamoja na dawa.

Kusuuza kwa maji hakutoshi. Katika maabara, virusi vya UKIMWI vimeonekana vikiishi ndani ya bomba kwa majuma kadhaa, na virusi vya homa ya ini aina ya C hata majuma tisa. Bomba lililofichwa dirishani mwezi uliopita laweza bado kuwa na hatari.

Tena jambo hili haliwahusu wadungaji wa unga peke yao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 peke yake, sindano zilizorudiwa katika kutoa matibabu zilileta maambukizo mapya milioni 21 ya homa ya ini aina ya B, milioni 2 ya aina ya C, na 260,000 ya virusi vya UKIMWI. Hawa walikuwa wagonjwa waliokwenda kutafuta uzima. Basi kanuni ni moja kwa wote: sindano moja, mtu mmoja, mara moja.

5. JIMBO LILILOGEUKA: CONNECTICUT

Mfano wa pili unatoka Marekani. Katika jimbo la Connecticut sheria ilikataza kuuza bomba bila cheti cha daktari, na kukutwa nalo bila cheti kulikuwa kosa. Mwezi Julai 1992 sheria ikabadilishwa. Mfamasia akaruhusiwa kumwuzia mtu mabomba hadi 10 bila cheti, na mtu akaruhusiwa kuwa na idadi hiyo bila kukamatwa.

Watafiti waliwauliza wadungaji kabla na baada ya mabadiliko. Kabla yake, watu 19 katika 100 walinunua sindano kwenye maduka ya dawa. Baadaye wakawa 78. Waliozinunua mitaani walishuka kutoka 74 hadi 28. Na miongoni mwa waliowahi kuchangia sindano na wenzao, walioendelea kuchangia walishuka kutoka 52 hadi 31. Hata polisi wa mji wa Hartford walinufaika, maana waliochomwa na sindano wakati wa kuwapekua washukiwa walipungua. Mtu asiyeogopa kukamatwa kwa ajili ya bomba hana sababu ya kulificha mfukoni.

Jimbo la New York likafuata njia hiyo tangu Januari 2001. Watu wenye umri wa miaka 18 au zaidi waliruhusiwa kununua hadi mabomba 10 katika maduka ya dawa yaliyojiandikisha, na mnunuzi alipewa karatasi ya maelezo kuhusu usalama wa sindano na mahali pa kupata msaada.

Hata hivyo, katika majimbo mengi ilionekana jambo la kutufundisha. Sheria ilifungua mlango, lakini baadhi ya wafamasia waliendelea kuufunga. Walidai kitambulisho ambacho sheria haikudai. Waliuza pakiti nzima tu wakijua kwamba mnunuzi hana fedha za pakiti. Wengine walisema "hatuna" huku maboksi yakiwa nyuma yao. Sheria ikisha kuruhusu, bado moyo wa mwuzaji una neno la mwisho.

6. NA KWETU PWANI?

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Heroini imepita katika bandari zetu kwa miaka mingi, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 kujidunga kumeenea katika Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Malindi. Uchunguzi mmoja uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa watu zaidi ya 40 katika kila 100 wa wadungaji waliopimwa.

Hapo mwanafunzi mwerevu atauliza: "Mwalimu, Dar es Salaam bomba huuzwa bila cheti, tena kwa bei ndogo. Mbona watu waliambukizana?" Ni swali zuri, na jibu lake ni la maana. Kuwapo kwa bomba dukani hakutoshi. Duka hufungwa usiku, na arosto haina saa. Kijana huogopa kukutwa na bomba na kupelekwa kituoni. Na mara nyingi huogopa macho ya watu pale kaunta kuliko anavyoogopa ugonjwa. Akisha kufedheheshwa mara moja, harudi tena. Huenda kwa mwenzake kuazima.

Tena bomba safi halimtoi mtu katika unga. Kwa hiyo Tanzania ilianza tiba ya methadoni katika hospitali ya Muhimbili mwezi Februari 2011, na baadaye katika hospitali nyingine kama Mwananyamala na Temeke. Methadoni ni dawa ya kunywa, ambayo mgonjwa huipata kila siku mbele ya mhudumu, akapata nafuu ya arosto, akaweza kurudi kazini na nyumbani. Wengi wamerudi kwa njia hiyo. Lakini ili arudi, sharti awe hai, na sharti mtu amwambie kwamba njia ipo.

7. MFAMASIA MWEMA HUFANYAJE?

Basi turudi kwa mama yule wa saa moja jioni. Twaweza kueleza kazi njema ya kaunta kwa hatua sita.

(a) Huuliza ili asaidie. Swali "la kazi gani?" laweza kuwa rungu au laweza kuwa fimbo ya kuegemea. Akiuliza "ni la insulini?", ni kwa sababu bomba la insulini hupimwa kwa yuniti, na kwa insulini ya kawaida yuniti 100 ni mililita moja. Mgonjwa akipewa bomba la kawaida lisilo na alama hizo, aweza kujidunga dozi ya kumwangusha. Na kwa mwenye kudungia nyumbani huuliza nani atakayedunga, na kama amefundishwa.

(b) Huuliza kwa sauti ya watu wawili. Humsogeza mnunuzi pembeni mwa kaunta. Jambo la mtu mmoja halifai kuwa la foleni nzima.

(c) Hutazama pakiti. Iwe haijafunguka, haijalowa, na tarehe yake haijapita. Bomba lililo wazi haliuzi, hata likionekana jipya.

(d) Huuza ya kutosha. Mwenye kujidunga mara tatu kwa siku akiuziwa moja, mbili zilizobaki atazipata wapi?

(e) Humweleza mahali pa kutupa. Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko yatosha nyumbani. Ikisha kujaa robo tatu hufungwa na kupelekwa kituo cha afya. Sindano isitupwe jalalani wanakochezea watoto.

(f) Huacha mlango wazi kwa neno moja. Haombi jina, hahubiri. Husema tu: "Mwanangu, ukitaka kupima damu, au ukitaka kuacha, njoo uniulize. Najua pa kukuelekeza." Huenda asijibiwe leo. Huenda akajibiwa mara ya kumi.

Akiwa mnunuzi ni mtoto, mambo ni mengine. Hapo mfamasia hana budi kumkalisha, kumwuliza kwa upole, na kutafuta mtu mzima anayemhusu. Kumfukuza mtoto barabarani si ulinzi. Na popote alipo, mfamasia afuate sheria ya nchi yake, maana sheria hutofautiana.

8. HOJA TATU ZA KUPIMA

Hoja ya kwanza: "Akimwuzia, anashiriki dhambi yake." Hoja hii ni nzito, nasi tusiidharau. Lakini tupime. Kijana amekwisha kuinunua heroini kabla hajafika kaunta. Uamuzi wa kujidunga hakuufanya mfamasia. Kilichobaki mikononi mwake ni kama ugonjwa utaongezwa juu ya msiba uliopo, na kama utafika kwa mke na kwa mtoto asiyezaliwa. Edinburgh walikataa kwa dhamiri safi, na dhamiri safi haikuwakinga vijana wao.

Hoja ya pili: "Sindano zitazagaa mtaani." Hofu hii ni ya haki, na dawa yake ni chombo cha kutupia na mahali pa kurudishia. Sindano hutupwa ovyo hasa na mtu anayeogopa kukutwa nayo.

Hoja ya tatu: "Wateja wengine watakimbia duka." Hapa, wapendwa wasomaji, tusimame. Wateja wengine ni nani?

9. SOMO LETU SISI

Wateja wengine ni mimi na wewe. Ni sisi tuliogeuka kumtazama yule kijana. Ni sisi tunaotoka dukani na kusema, "Siku hizi fulani anawauzia mateja." Mfamasia ambaye angependa kutenda kwa hekima hulazimika kuchagua kati ya kijana mmoja asiye na mtetezi na majirani wote wanaomnunulia panadoli. Si ajabu akisema "hatuna".

Basi tumpunguzie mzigo. Tukiwa kwenye foleni, tutazame mbele. Tukisikia, tusitangaze. Na kama nyumbani kwetu yuko mtoto wa namna ile, tusimfiche kana kwamba amekufa. Tumwulize amepima lini. Tumwulize bomba lake anapata wapi. Ni maswali machungu kwa mzazi, lakini afadhali kuyauliza mapema.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Kijana aliyekataliwa hakwenda nyumbani kulala. Alikwenda nyuma ya gofu, na pale alimkuta mwenzake mwenye bomba. Mama alidhani anachagua kati ya kudunga na kutodunga. Kumbe alikuwa akichagua kati ya bomba safi na bomba la mwenzake. Na pamoja na bomba, alilipoteza neno lile moja ambalo pengine kijana angelikumbuka: "Njoo uniulize."

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Taja watu wanne wanaoweza kununua bomba la sindano. Je, waweza kuwatambua kwa sura?

2. Kwa nini uhaba wa sindano katika Edinburgh uliongeza ugonjwa badala ya kuupunguza?

3. Dar es Salaam mabomba yalikuwapo madukani, na bado watu waliambukizana. Toa sababu tatu.

4. Kama wewe ungekuwa mama yule wa saa moja jioni, ungesema neno gani kwa yule kijana? Liandike, kisha lisome kwa sauti mbele ya kikundi, ukifikiri kwamba kijana ni mwanao.